Benchi la Mlangoni kwa Baba

Juzi tulimzika baba pale pale nyumbani Kiseke, nyuma ya yale mawe makubwa tuliyokuwa tukianikia michembe ya viazi vitamu. Waliozungumza walikuwa wengi, ndugu yangu, kwa sababu baba alikuwa mbunge miaka mingi, na mbunge hazikwi kimya kimya. Kila aliyeshika kipaza sauti alisema lile lile: "Mheshimiwa alimsikiliza kila mtu." Mimi niliinama nikatazama viatu vyangu.

Walisema kweli. Wewe hukuiona nyumba yetu enzi hizo, kabla Kiseke haijajaa kuta na mageti. Baba akiwa amerudi kutoka Dodoma, jua lilichomoza watu wameshajaa kwenye benchi refu la mbao, barazani, mbele ya mlango wa chumba chake cha kazi. Wenye ugomvi wa mipaka, wenye watoto waliokosa shule, wenye kisima kilichokauka. Mmoja akiingia, waliobaki walisogea nafasi moja kuelekea mlangoni, na benchi likalia kwii. Mama alizunguka na birika la chai ya maziwa na ungo wa matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, na karanga, maana kwake mtu hakuondoka na njaa. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alikuwa akisema, huku mgongo unamuuma. Kazi yangu ilikuwa kuosha vikombe. Mpaka leo nikisikia vikombe vya bati vikigongana, harufu ya karanga za kukaanga inanijia.

Na sisi watoto tulipanga foleni. Hilo watu hawaliamini. Ukitaka viatu, ukitaka karatasi ya mwalimu itiwe saini, unakaa kwenye benchi kama wananchi wengine. "Hapa hakuna mtoto wa mheshimiwa," baba alisema, nasi tulijivunia maneno hayo shuleni. Tatizo ni kwamba mama naye alikuwa na amri yake: mtoto humpisha mkubwa. Ziweke amri hizo mbili pamoja uone. Dada yangu alikaa siku tatu kwa ajili ya viatu. Kila akiukaribia mlango anatokea mzee na mkongojo wake, dada anasimama, "Shikamoo babu," anarudi mkiani. Tulicheka mpaka machozi. Mama alicheka kutushinda wote.

Mwaka niliotimiza miaka kumi, mama alikuwa mjamzito, miezi ya mwisho. Asubuhi moja nilimkuta jikoni anapapasa meza akitafuta sufuria iliyokuwa mbele yake. Miguu ilikuwa imemvimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo.

"Macho yanaleta giza tu, yatapita," akasema. "Usimsumbue baba yako. Leo anarudi Dodoma, na watu wote wale wanamsubiri."

Nilimtii nusu. Nilinawa mikono, nikaenda kukaa kwenye benchi.

Utaniuliza kwa nini sikuusukuma tu ule mlango. Najiuliza hivyo hivyo tangu siku ile. Nilikuwa mtoto aliyelelewa vizuri, basi. Nilimpisha mzee mmoja. Nikampisha mama mwenye mtoto mgongoni. Hatimaye nikawa wa kwanza, goti langu linagusa mlango, ndipo akafika bibi mmoja aliyevuka na kivuko alfajiri, kuku kwapani. Nikasimama.

"Shikamoo bibi."

"Malahaba, mjukuu wangu. Mungu akubaliki."

Akaingia. Nilisikia kila neno. Hakuwa na shida yoyote. Alikuja kushukuru kwa msaada wa mwaka juzi, na alishukuru kwa kirefu, akianzia kwa marehemu mume wake. Baba alimsikiliza mpaka mwisho. Baba alipotoka, gari lilikuwa limeshawashwa. Akanishika kichwa, akasema, "Wewe utakuwa wa kwanza nikirudi." Nami nikajibu, "Ndiyo, baba."

Siku ya tatu mama alipatwa na kifafa cha mimba. Jirani alimpakia kwenye pikapu yake kwenda hospitali, na hakurudi, yeye wala mtoto. Baba alipofika alisimama katikati ya sebule, bado na koti la safari.

"Kumbe alikuwa anaumwa? Hakuna hata mmoja wa kuniambia?"

Dada akaangua kilio. Mimi nilikwenda kuosha vikombe. Ningemwambiaje kwamba nilikuwa mlangoni? Kuku wa yule bibi alibaki uani, akataga, akaatamia, na kila asubuhi nilipomrushia punje za mahindi nilimchukia.

Baba alipoacha ubunge wageni walipungua, kisha wakaisha kabisa. Miaka yake ya mwisho alikaa yeye kwenye lile benchi, akitazama geti. Nilikuwa nikija likizo, nakaa naye, nammenyea machungwa. Mara nyingi nilifungua mdomo nimwambie. Nikaishia kumpa kipande kingine cha chungwa.

Jana waombolezaji walikuwa wametawanyika, masufuria yameoshwa, turubai limekunjwa. Nyumba haina birika tena wala ungo wa karanga. Nilikwenda barazani nikakaa mwisho kabisa wa benchi, nikasubiri kidogo, kwa mazoea. Hakutokea mtu wa kumpisha. Nikasogea, nikasogea tena, benchi likalia kwii, mpaka goti likagusa mlango.

"Baba," nikasema, "mama anaumwa."