Saini ya Kwanza ya Bi Enid

Bi Enid Ormerod, mpishi mstaafu wa shule katika mji mdogo wa kaskazini mwa Uingereza, alikuwa amekusanya saini mia tatu na kumi na mbili za watu waliotaka sheria ya haki za binadamu ifutwe. Ya kwanza ilikuwa yake. Kila Jumamosi alitandika meza sokoni, na Waingereza, ambao hawawezi kuona foleni wakaipita, walijipanga wenyewe. Wengine walifika mbele ndipo wakauliza foleni ni ya nini.

"Ya kufuta sheria inayolinda majambazi, mpenzi," aliwaambia. "Tia saini, chukua biskuti."

Sheria yenyewe hakuwa ameisoma. Habari zake alizipata gazetini, ukurasa wa pili kutoka ule wa mbio za farasi.

Mwezi wa tatu mumewe, Norman, alipooza upande mmoja. Halmashauri ikampeleka nyumba ya wazee maili arobaini kutoka hapo. Enid akaomba wakae pamoja katika nyumba ya wazee ya mjini. Karani akamjibu kwamba yeye bado ana nguvu, hatimizi vigezo. Miaka hamsini na sita ya ndoa, mtu anakutajia vigezo! Norman akaacha kula.

Enid akaenda kwa Nasreen, mwanasheria aliyesaidia watu bure maktabani.

"Hawa tutawashinda, bibi. Una haki ya kuishi na familia yako. Imo kwenye sheria."

"Sheria gani, mwanangu?"

Nasreen akamtajia.

"Ile ya majambazi?"

"Hiyohiyo."

"Hakuna nyingine?"

"Hakuna."

Nasreen akaandika barua kwa halmashauri, na Enid akaitia saini haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu.

Wiki tatu baadaye vigezo vilikuwa vimelegea. Walipewa chumba kimoja katika nyumba ya wazee ya mjini, na siku ya kwanza Norman alimaliza sahani mbili za viazi kwa mchuzi.

Siku ya pili akaingia mwanamke wa kukusanya maoni ya wananchi.

"Sheria ya haki za binadamu, mama. Ifutwe, irekebishwe au ibaki?"

"Irekebishwe. Ibaki yetu sisi, wale wengine waondolewe."

"Wengine akina nani?"

"Wasio sisi."

"Hapo sina pa kuandika. Chagua moja."

Enid akampangusa Norman mchuzi kidevuni.

"Basi weka ifutwe. Ila waambie wangoje kwanza, mume wangu bado yu hai."

Mwanamke akatia alama penye "ifutwe". Hilo la kungoja halikuwa na nafasi kwenye fomu.