Vidude vya Masikio vya Lorne

Mume wangu, Lorne Hnatiuk, amekuwa dalali wa mnada wa ng'ombe maisha yake yote. Anaweza kutaja bei mfululizo mpaka fahali anauzwa, hajavuta pumzi. Vipaza sauti vya mnadani vilimla masikio, na bila vidude vyake vya kusikia, sema mpaka ukauke koo, hapati kitu.

Homa ya mapafu ikamtia kwenye mashine ya kupumulia. Kila asubuhi wanampunguzia dawa ya usingizi, wanamwambia abane mkono, ainue kichwa. Akitii, wanamwacha ajaribu kupumua mwenyewe. Asipotii, dawa inarudishwa. Mimi wananiruhusu kuingia mchana, nakuta ameshalazwa usingizi tena.

"Leo pia hakuitikia, mama," muuguzi Brooke ananiambia. Kila siku wimbo huo huo.

Kisha Daktari Pelletier akanikalisha kando ya kitanda, Brooke naye amesimama hapo. Kesho ikiwa hivyo tena, watamtoboa shingo wamwekee bomba la kupumulia, na kumhamishia kituo cha mbali, akaishi na mashine.

"Ameshindwa kupumua?" nikauliza.

"Hatujafika hatua ya kumjaribu. Hafuati tunachomwambia. Huenda ubongo..."

"Mnapomwambia, vidude vyake viko masikioni?"

Daktari akamtazama Brooke. Brooke akafungua kabati. Vilikuwa humo, mfuko mmoja na meno yake ya bandia, tangu alipoletwa. Na niliwaambia mlangoni siku ile ile kwamba bila hivyo hasikii! Hasira ilinipanda hadi utosini. Wanamsemesha kiziwi, asipojibu wanasema akili imekwenda.

"Kesho nakuja asubuhi," nikasema. "Saa zenu za kuona wagonjwa zipikeni supu."

Asubuhi nilimvalisha vidude, betri mpya. Dawa ilipopungua nikamwinamia.

"Lorne, amka mzee. Hawa wanataka kukuuza bei ya kutupa."

Akanigeuzia uso. Brooke akamwambia abane mkono. Aliubana mpaka binti wa watu akaomba aachiwe. Akapumua mwenyewe, polepole, na kabla ya chakula cha mchana wakamtoa bomba kooni.

"Mzee wako mkaidi kweli," daktari akasema, anacheka. Mimi sikucheka.

Lorne akanivuta mkono. Sauti yake ilikuwa mkwaruzo mtupu.

"Nilikuwa nawaona, Arlene. Midomo inacheza, sauti hakuna. Nikajua nimeshakufa, nikaacha kuhangaika."