Kitambaa cha Mashine ya Kudarizi

Bosi wetu pale Kibiti aliponunua mashine ya kudarizi ya kompyuta, mafundi cherehani sote tulisimamishwa mlangoni kuipokea, utadhani anashushwa bibi harusi. Mtaalamu aliyeileta kutoka Dar alimwelekeza asubuhi nzima. Kila alipoulizwa kama ameelewa, bosi alijibu ameelewa. Hakuwa ameelewa hata namna ya kuiwasha, ila katika ofisi ile mkubwa haulizi swali mbele ya wadogo zake. Na sisi tulikuwa na adabu zetu za kipumbavu: mtu hagusi kitu kipya kabla ya bosi kukitumia. Mtaalamu akapanda basi lake, mashine ikabaki ndani ya nailoni.

Aliyeihitaji kweli alikuwa mama mmoja kutoka Umwe aliyeketi jirani yangu pale kazini. Ndiye aliyedarizi kwa mkono nembo za mashati ya shule, na macho yalikuwa yanamwisha. Kwanza alianza kuniomba nimtungie uzi kwenye sindano. Baadaye akawa anashona nguo imekaribia kumgusa pua. Siku moja akajikaza, akamwendea bosi.

"Baba, mwite tena yule mtaalamu anifundishe. Macho yangu haya hayafiki mwakani."

Bosi akacheka. Akamwambia mashine ni ya wasomi, na yeye kajaliwa mikono na Mungu, asiidharau. Kisha, ili asionekane kamnyima kila kitu, akampa kazi maalumu. Nailoni ilikuwa imeanza kuchanika, vumbi lingeingia. Basi adarizi kitambaa cha kuifunika mashine, chenye mawaridi na maneno ya kukaribisha wageni. Kwa mkono. Hakuna aliyecheka. Wenzangu walimchagulia rangi za nyuzi, tena kwa bidii, maana kwetu amri ya bosi hata iwe ya kijinga vipi hupewa heshima zake.

Alikimaliza. Waridi la mwisho lilitoka nje ya mstari, na hakujua.

Alipokwenda hospitali, Utete, alikuwa ameshachelewa. Siku aliyokuja kutuaga, akishikwa mkono na binti yake, aliipapasa mashine juu ya mawaridi yale, akauliza kama inafanya kazi vizuri.

"Bado mpya kabisa, mama," bosi akamjibu kwa fahari. "Haijaguswa."