Upinde Wangu Bado Una Kiu

Fundi wa pinde wa mtaani kwetu hapaki mafuta, ananywesha. Anachovya kitambaa, anakikamua, kisha anausugua upinde kufuata nyuzi za mti, taratibu, kama anayembembeleza mtoto mkaidi alale. "Kunywa, mama, kunywa," anaunong'oneza. Mafuta yanayobaki vidoleni anajipaka kiparani, ndiyo maana kipara kinang'aa kuliko kazi zake zote. Ukimuuliza upinde wako umefikia wapi, jibu ni lile lile: "Bado una kiu."

Jana nilimfuata nikiwa nimepania. Mashindano ya shabaha yalikuwa kesho yake, sikutaka porojo. Kabla sijafungua mdomo, mkewe akaingia, mikono kiunoni.

"Mume wangu, huo mti unaubembeleza tangu asubuhi. Mimi mwenzio ulinipaka mafuta lini?"

Akavuta kigoda, akaketi, akapandisha mguu juu ya meza ya kazi, kisigino kimepasukapasuka. Nilibana kicheko. Fundi hakucheka. Alikigeuza kile kisigino kwenye mwanga, akakipapasa kwa kidole gumba, akauweka upinde wangu kando na kuchukua kitambaa kipya.

"Kunywa, mama," akanong'ona. Kisha akanitazama. "Wewe rudi kesho jioni. Huu una kiu zaidi."