Matairi Manne ya Lori Langu

Nilikuwa dereva wa lori, Kalemie mpaka Pepa. Lori lilipokufa niliuza injini, nikauza bodi, lakini kuachana na matairi manne kulinishinda. Yalibaki uani, vipara, yamejaa maji ya mvua na mbu. Mke wangu alikuwa akiwaambia wageni kwamba mume wake anafuga matairi. Nilikuwa nanuna. Sikupenda mzaha juu ya lori langu.

Njia ya kwetu inapanda mlima, na kila mvua korongo liliumega ukingo wake. Siku ya salongo, ile kazi ya pamoja ya mtaa, majirani waliamua kukusanya matairi yaliyotupwa, kuyakata shavu la juu, kuyapanga ukingoni, kisha kuyajaza mawe na udongo na kushindilia. Walifika vizuri mpaka kona iliyo chini ya nyumba yetu, matairi yakaisha. Wakaja kwangu. Nilipoona kisu niliwaka. Niliwauliza kama nimekufa, mbona wanagawana mali yangu.

Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane, yetu ya kwanza. Alinifuata ndani, akaniambia polepole:

"Papa, uwape tu. Njia hii njo nitashuka nayo kwenda kuzaa."

Nikamjibu kwamba wanawake hawajui lori. Loo, kichwa changu hiki! Majirani wakasema watatafuta mengine juma lijalo.

Mvua ilinyesha siku mbili mfululizo. Asubuhi ya tatu uchungu ukamshika, na damu. Pikipiki niliyoiita ilipanda mpaka pale matairi ya majirani yalipoishia. Kutoka hapo mpaka kwetu lilikuwa shimo. Tulimbeba kwenye kiti cha plastiki, wanaume wanne, tukizunguka katikati ya mihogo na kuteleza, naye ameshika kola ya shati langu. Mkono ulilegea kabla hatujaifikia pikipiki. Mutoto naye hakupona.

Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi hata mutoto sikupata.

Baada ya matanga niliyakata matairi mwenyewe. Hakuna aliyenilaumu, afadhali wangenitukana. Jirani mmoja alileta mawe kwa beseni, tukashindilia yote manne.

Ile kona haijabomoka tena. Siku hizi pikipiki zinafika mpaka mlangoni kwangu, na vijana wanaoziendesha huuliza kama kuna mtu wa kushusha mjini. Nawajibu hakuna.