Msafara wa Kyebando

Mwaka huu, tulipokuwa tunasogeza makabati ya mama ili ukuta upakwe rangi, CD moja ilidondoka kutoka nyuma ya kabati la vyombo. Niliiokota nikaifuta vumbi kwa ncha ya kanga. Maandishi yalikuwa yamefifia, lakini picha ya ngamia niliitambua mara moja, nikaketi palepale sakafuni. Mama aliniuliza kama nimeumia.

Rafiki yangu, ngoja nikueleze. Utotoni tuliishi mtaa wa Kyebando, kwa bibi mzaa baba. Bibi alikuwa Mnubi, mjukuu wa askari aliyetembea kwa miguu kutoka Sudani hadi nchi hii. Kompyuta ililetwa na baba mdogo, baada ya ofisi aliyokuwa akifanya kazi kufungwa. Iliwekwa mezani sebuleni, ikafunikwa kitambaa cha kudarizi kama chakula cha mgeni. Ndani yake tulikuwa na gemu moja tu: msafara wa watu na ngamia unavuka jangwa ukirudi kwao. Maelezo yote yalikuwa ya Kiingereza. Bibi hakujua kusoma, na macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Mimi nilikuwa bado mdogo, Kiingereza sikijui. Msomaji wetu alikuwa kaka yangu.

Tulicheza baada ya swala ya alasiri. Bibi alikaa mkekani akisuka kawa, udi ukifuka pembeni, chai ya tangawizi mezani na gurusa, mkate wetu mwembamba, ukiwa umefungwa kwenye kitambaa ili usipoe. Kompyuta ilivuma, na kaka alisoma kwa Kiswahili.

"Bibi, wamefika kisimani. Wakae au waende?"

"Wanyama wamekunywa?"

"Bado."

"Basi unaniuliza nini?"

Kila safari ilifika mahali mtu mmoja akashikwa na homa. Gemu iliruhusu kumwacha, na msafara ungekwenda mbio. Bibi hakukubali hata mara moja. Babu yake mwenyewe aliwahi kuachwa njiani akiwa mgonjwa, na aliishi kwa sababu mwenzake mmoja aligeuka nyuma akamrudia. "Mwenzako akianguka, kaa naye," alikuwa akisema. "Njia haiendi popote."

Basi tulikaa na mgonjwa, maji yakapungua, nami nikabana pumzi. Halafu maneno yakatokea kiooni, kaka akasoma kwamba wamefika: lango la mji limefunguliwa, wanawake wanapiga vigelegele, mgonjwa anashushwa kwenye ngamia akiwa hai. Bibi aliweka ukili chini, akajifuta macho kwa mtandio na kusema, "Alhamdulillahi." Jioni hizo nyumba yote ilikuwa na amani.

Msimu mmoja wa mvua radi ilipiga, kompyuta ikaungua. Haukupita muda mrefu bibi naye akatutoka.

Ndiyo maana nilipoiona ile CD nilitaka kuusikia tena ule mwisho. Laptopu yangu haina hata tundu la CD. Nikaenda kwa fundi mmoja kule Ntinda, kijana mpole mwenye duka lililojaa mashine zilizofunguliwa matumbo. Alichomeka kisomeo cha pembeni, akajaribu, akatikisa kichwa.

"Nyabo," aliniita kwa heshima, "hii gemu ni ya zamani sana. Mashine ya leo haimjui. Lakini kwa mtandao iko watu wanaipeana bure. Nikutolee?"

Nilimpigia kaka. Siku hizi ni wakili, ana ofisi yake Naguru.

"Usifanye hivyo," alisema. "Hakimiliki haifi kwa sababu duka limeacha kuuza. Ile ina mwenyewe."

"Mwenyewe ni nani?"

"Mtafute."

Nikamtafuta. Kampuni iliyoitengeneza ilikuwa imekufa, mali zake zikauzwa kwa nyingine, nayo ikamezwa na kubwa zaidi huko ng'ambo. Niliwaandikia. Wakanijibu kwa adabu kwamba hawana hakika kama gemu hiyo ni yao, kwa hiyo hawawezi kuniuzia wala kuniruhusu kuinakili. Nilipomsomea kaka jibu hilo alisema tu, "Iache basi, mdogo wangu." Nilidhani ni uwakili wake unaozungumza.

Sikuiacha. CD ilikuwa yetu, na kuicheza si kosa. Kilichokosekana ni mashine ya rika lake, na fundi aliipata kwenye stoo ya shule moja iliyokuwa ikitupa vitu chakavu. Aliitengeneza kwa siku kadhaa, akanipigia. Nilimwita kaka naye akaja, bado amevaa tai.

Ngamia walipotokea kwenye kioo sote wawili tulisogeza viti karibu. Safari hii nilisoma mwenyewe. Nilinywesha wanyama. Homa ilipomshika yule mtu, nilikaa naye kama tulivyofunzwa. Maji yakapungua, yakaisha. Kioo kikawa cheusi, yakatokea maneno machache: msafara umepotea, hakuna aliyefika.

Nilirudia tena, nikarudia. Usipomwacha mgonjwa, hufiki. Gemu ilitengenezwa hivyo.

Nilimgeukia kaka. Alikuwa ameinamisha kichwa.

"Hatukuwahi kufika," alisema. "Hata siku moja."

"Na vile vigelegele?"

"Bibi alikuwa amekaa pale anasubiri. Ningemwambia nini?"

Fundi alitoka nje taratibu, akatuachia duka.

Sikumkasirikia. Nilimshika mkono, nikamwomba anisomee tena kama zamani, hata bila kioo. Alilegeza tai.

"Sikumbuki vizuri. Nilikuwa natunga huku namtazama usoni."

Nikajaribu kumsaidia. Nikamkumbusha mama wa yule mgonjwa, jinsi alivyotoka langoni na beseni la maji ya moto, akapiga magoti mchangani na kumwosha mwanawe miguu.

Kaka alinitazama kwa mshangao.

"Huyo mama simjui," alisema. "Sikumsoma mimi. Labda ni bibi aliyemwongeza."

Tuliketi mbele ya mashine ile, tukimtafuta mama huyo kila mmoja kichwani mwake, wala hapakuwa tena na wa kumuuliza.