Makoloni Yaliyosafishwa Mara Tatu

Siku yangu ya kwanza maabara nilikabidhiwa kipande cha waya. Kilikuwa kimechomekwa kwenye mpini wa mti, na ncha yake imekunjwa kuwa kitanzi kidogo kuliko tundu la kifungo cha shati. Mkuu wa Maabara, mtu mrefu wa mtaa wa Bakoba aliyevaa tai hata siku zile za vita vya Kagera, aliniwekea kiganjani.

"Adela, hiki ndicho kijiko chako. Utakula nacho mpaka ustaafu."

Nilidhani ananitania. Nimestaafu sasa, na kweli nilikula nacho.

Wanajeshi walikuwa wakipita Bukoba kuelekea kaskazini, kwenye Mto Kagera, na vioo vya madirisha yetu tulikuwa tumevibandika karatasi ili visitumwagikie. Wengi waliolazwa hospitalini hawakuwa na risasi mwilini. Walikuwa na kuhara damu. Kazi yetu ilikuwa kumtambua mdudu anayewaharisha, na kumtambua kunaanza kwa kumtenga na wenzake.

Nitawaeleza jinsi tulivyofanya, maana vijana wengi siku hizi wanaona mashine tu. Tulichemsha mchuzi wa nyama, tukauchanganya na agari, unga unaofanya kitu kigande kama supu ya kongoro iliyopoa. Tuliumimina kwenye visahani vya kioo. Kisha nilichoma kitanzi changu motoni mpaka kiwe chekundu, nikakiacha kipoe huku nikihesabu hadi kumi, nikagusa kinyesi cha mgonjwa na kuchora mistari juu ya agari, kila mstari ukiwa mwembamba kuliko uliotangulia. Mwisho wa mistari bakteria walikuwa wachache kiasi kwamba kila mmoja aliangukia mahali pake peke yake. Sahani ililala kwenye inkubeta, kabati lenye joto kama la mwili. Kesho yake kila bakteria alikuwa amezaa ukoo mzima, na ukoo huo unauona kwa macho kama kitone. Kitone hicho ndicho koloni.

"Koloni moja, babu mmoja," Mkuu alisema. "Ukichota mawili kwa pamoja umechanganya koo, na hapo hata mahari hujui umpelekee nani."

Ukutani juu ya taa ya spiriti alikuwa amebandika kadi yenye mwandiko wake mzuri: SAFISHA MARA TATU. Maana yake, ukishachota koloni, lipande kwenye sahani mpya. Kesho chota tena, panda tena. Na mara ya tatu vivyo hivyo. Agizo hilo lilikuwa na sababu. Mwanzoni mwa vita mtu mmoja alituma sampuli yenye mchanganyiko, wagonjwa wakapewa dawa isiyowafaa, na Mkuu hakuisahau aibu ile. Kwa miaka mingi sikuvunja agizo lake hata siku moja.

Vita vilipoisha nilihamishiwa Muleba, kwenye kituo cha afya. Umeme haukuwapo. Inkubeta ilikuwa ya mafuta ya taa, na mafuta yakikosekana nilizifunga chupa kwenye kitambaa nikazibeba kifuani ndani ya sweta, kwa kuwa mwili wa mtu ni inkubeta isiyozimika. Mganga Mfawidhi wa kituo alizoea kuniuliza asubuhi, "Watoto wamelalaje?" nami nikajibu kwa heshima ya Kihaya, "Wamelala vizuri, waitu, hakuna aliyelia."

Ndipo ukaja UKIMWI, ugonjwa ambao watu wetu mwanzoni waliuita Juliana, jina la mashati ya magendo yaliyovaliwa na vijana wenye pesa. Sitaeleza mengi, kila nyumba ya Kagera inalo kaburi lake kwenye kibanja, chini ya migomba. Nilizika dada, nikazika wenzangu wawili wa maabara. Niliporudishwa Bukoba, nikapanga chumba mtaa wa Bilele, kazi ya watu watatu ilikuwa yangu na ya Mkuu peke yetu. Nywele zake zilikuwa zimeota mvi. Tai ilikuwa ile ile.

Katika miaka hiyo kuhara damu kulirudi, kukali kuliko kule kwa wakati wa vita. Kulianzia kwa wavuvi wa visiwani, kukapanda hadi vijiji vya Muleba. Kuliwashika kwanza wale ambao hawakuwa na wa kuwatunza: watoto waliobaki na bibi zao. Tuliwapa ampisilini, dawa tuliyoitegemea miaka yote, na watoto waliendelea kuhara huku wanaimeza.

Nilipokwenda kuchukua sampuli Ngenge, kijiji cha Muleba, nilimkuta Ma Leokadia, bibi aliyekuwa akilea wajukuu wawili, Devota na mdogo wake Projesti. Devota alikuwa na siku nne za kuhara. Nilichukua kinyesi chake kwenye kichupa, nikakiandika jina.

"Daktari," bibi aliniambia, kwani kijijini kila mwenye koti jeupe ni daktari, "hiyo unaipeleka wapi?"

"Bukoba, Ma. Tukamtafute mdudu anayeikataa dawa."

"Na ukimpata?"

"Tutaomba dawa nyingine."

"Basi mtafute upesi. Mimi nimebakiwa na hawa wawili."

Devota alifariki kabla sijamaliza kusoma sahani yake. Nilipokwenda kutoa pole, bibi hakunilaumu. Alimvuta Projesti karibu na goti lake akasema, "Huyu bado yupo. Uliniahidi dawa."

Dawa nyingine ilikuwepo nchini, lakini kidogo, na Wizara haikuwa tayari kuitoa kwa wilaya nzima bila ushahidi. Walituandikia kwamba kuna maabara ng'ambo inayoweza kusoma plasmidi. Nami niliposoma neno hilo ilibidi nimuulize Mkuu.

Bakteria, alinieleza, ana uzi mrefu wa urithi, DNA, ambao ndani yake kumeandikwa kila kitu cha kumfanya awe bakteria. Lakini wengine wana nyongeza: kipete kidogo cha DNA kinachoelea pembeni, na humo mara nyingi ndimo mlimoandikwa namna ya kuivunja dawa. Kipete hicho ndicho plasmidi. Wenzetu wangekitoa, wasome herufi zake moja baada ya nyingine, na wangeweza kusema bila shaka kama wadudu wa Muleba wanabeba silaha dhidi ya ampisilini. Kazi yetu ilikuwa kuwapelekea makoloni safi.

Tukayasafisha. Kutoka kwa wagonjwa kumi na wawili, Devota akiwamo, nilichota makoloni ya kuhara damu, yale yasiyo na rangi katikati ya yale ya pinki ya wadudu wengine wa tumbo, kwa kuwa agari tuliitia rangi ya kuwatofautisha, nikayasafisha mara tatu kama kadi ilivyoamuru, nikayatuma. Tulingoja miezi. Jibu lilikuwa fupi: sampuli ni safi sana, plasmidi ya ukinzani haikuonekana, bakteria wote wanauawa na ampisilini. Wizara ikaongeza mstari wake: endeleeni na dawa ya kawaida.

Mkuu alikunja barua. "Wamesema ni safi sana," alisema, na hakuonekana kufurahi. "Labda akina mama hawawapi watoto dawa sawasawa."

"Ma Leokadia alimpa, Mzee. Nilimwona kwa macho yangu."

"Adela, sahani haidanganyi."

Nilirudi kwenye kiti changu. Sasa, kuna jambo nilikuwa nimelificha. Agizo lilikuwa kwamba baada ya kusafisha, mbegu ya kwanza, yaani kichupa cha bakteria waliooteshwa kabla ya kusafishwa, ichemshwe na kutupwa. Kumi na moja nilizichemsha. Kichupa cha Devota kilinishinda. Kila nilipokishika niliona jina lile kwa mwandiko wangu, nikakirudisha kwenye droo.

Siku ile nilikitoa. Nilipanda sahani mbili. Moja ilitoka kwenye kichupa cha droo, mbegu ya kwanza. Nyingine ilitoka kwa mbegu ile ile baada ya kusafishwa mara tatu. Katikati ya kila moja niliweka kikaratasi cha mviringo kilicholoweshwa ampisilini. Bakteria wakiiogopa dawa, wanakaa mbali na karatasi na kuacha uwanja mtupu. Wasipoiogopa, wanaota mpaka kwenye ukingo wake.

Kesho yake sahani ya mbegu iliyosafishwa ilikuwa na uwanja mpana. Sahani ya mbegu ya kwanza haikuwa na uwanja wowote. Walikuwa wameibana karatasi kama siafu wanaozunguka mfupa. Ndugu wa tumbo moja, mmoja anakufa, mwingine anaicheka dawa.

Nilikaa muda mrefu na sahani zile mbili mapajani. Nje mvua ya Bukoba ilikuwa inanyesha, ile isiyoaga, na muuguzi mmoja aliingia akikung'uta mwavuli wake. Nilimkumbuka shemeji yangu aliyehamia Dodoma. Mwaka wa kwanza alitembea na mwavuli kila siku, watu wakimcheka. Mwaka wa tatu alikuja likizo akalowa kuanzia kituo cha basi, kwa maana mwavuli alishausahau. Kule hakukuwa na mvua ya kumkumbusha.

Nilibeba sahani mpaka ofisini kwa Mkuu.

"Mzee, tumewasafisha hadi wameacha miavuli yao."

"Umeanza mafumbo?"

Nikamweleza. Plasmidi ni mzigo. Bakteria anaubeba kwa kuwa ndani ya mgonjwa ananyeshewa na dawa. Sisi tunampanda kwenye agari isiyo na dawa, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hapo asiyebeba mzigo anazaa upesi kuliko anayeubeba. Na inkubeta yetu inapozidisha joto, wengi zaidi wanaudondosha. Sisi tunachota koloni zuri, kubwa, nono, na kumbe unono wake ni wa kukosa mzigo.

Aliziangalia sahani, kisha akaniangalia mimi. "Mbegu ya kwanza uliipata wapi? Niliagiza zichemshwe."

"Hii sikuichemsha."

"Ulikiuka agizo."

"Ndiyo, waitu."

Nilijua angeweza kuniandikia barua ya kunisimamisha kazi, na angekuwa na haki. Alivua miwani, akaifuta kwa tai.

"Miaka yote hii," alisema polepole, "nimekuwa nikiwafundisha watu kunawa mpaka ngozi inatoka." Akarudishia miwani machoni. "Nenda Muleba ukalete sampuli mpya. Na safari hii wanyeshee."

Hivyo ndivyo tulivyofanya, na vijana nawaomba msome hapa kwa makini. Nilifungua kapsuli za ampisilini, nikapima unga, nikauyeyusha kwenye maji yaliyochemshwa. Agari ikiwa ya moto inaiharibu dawa. Ikipoa sana inaganda. Kwa hiyo nilingoja mpaka chupa ya agari niweze kuiegemeza kwenye kifundo cha mkono bila kushtuka, kama mama anavyopima uji wa mtoto, ndipo nikaichanganya na dawa na kumimina. Kwenye sahani hizo aliota mwenye mwavuli tu.

Hata hapo kuna mtego. Pembeni ya koloni kubwa utaona vitone vidogo vimelizunguka. Usivichote. Hao hawana mwavuli. Wamejibanza chini ya ule wa jirani, ambaye ameivunja dawa inayomzunguka. Chota koloni kubwa lililo peke yake, gusa katikati yake kwa juu, usichimbe. Nililisafisha mara moja tu, juu ya dawa ile ile. Kisha nilichukua waya ulionyooka nikalidunga ndani ya kichupa cha agari laini yenye dawa. Vizibo nilivifunika kwa nta ya mabaki ya mishumaa niliyopewa na masista wa parokia. Vichupa nilivilaza kwenye mkebe wa maziwa, nikavizungushia magomba makavu ya migomba ili visigongane.

Sista aliyenipa mishumaa aliuliza ni ya nini. Nilipomwambia ni ya kuwafungia makoloni, alicheka. "Nchi nzima ilipigania kuondoa makoloni, wewe unayafungia mkebe."

Mkuu mwenyewe ndiye aliyeupeleka mkebe uwanja wa ndege, ameupakata kama kuku wa zawadi.

Jibu la pili lilikuwa na kurasa nne. Kwenye sampuli zote plasmidi ilikuwepo. Waliisoma herufi kwa herufi, na sehemu inayovunja ampisilini ilikuwa pale imeandikwa wazi. Chini, mtaalamu wa ng'ambo aliongeza kwa mkono kwamba sampuli zilizoandaliwa vizuri namna hii huzipata mara chache hata kutoka maabara kubwa. Mkuu aliusoma mstari huo kwa sauti mara mbili. Kisha aliniita niusome mimi, na muuguzi aliyepita mlangoni naye akaitwa ausikie.

Dawa mpya ilifika Muleba kabla ya msimu wa senene. Nilipanda gari la chanjo nikaenda nayo Ngenge, kwa sababu tulikuwa tumesikia kwamba Projesti ameanza kuhara. Nilimkuta amelala kwenye mkeka, midomo imekauka. Ma Leokadia alipokea dawa kwa mikono miwili, akampa, na mimi nikakaa naye kumnywesha maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko. Siku ya tatu mtoto aliketi akadai ndizi.

"Za kuchoma au za kupika?" bibi alimuuliza.

"Zote," akasema.

Ma Leokadia aligeuka kunitazama. "Huyo mdudu ulimpata."

"Devota ndiye aliyetuonyesha, Ma," nilimjibu, na nikamweleza habari ya kichupa cha droo. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia ndani akanitolea mkungu mzima wa ndizi, nami sikuthubutu kuukataa.

Niliporudi Bukoba niliona kadi ya ukutani imebadilika. Mkuu hakuandika mpya. Alikata neno TATU kwa wino mwekundu, juu yake akaandika MOJA, NDANI YA DAWA, na chini akaweka kitu ambacho sikuwahi kukiona kwenye agizo lake lolote: jina langu.

Siku ya kuniaga, vijana wa maabara waliitoa kadi hiyo ukutani wakanipa, ikiwa na madoa ya moshi wa taa ya spiriti. Wao sasa wana mashine, na jibu nililolingoja miezi wanalipata haraka. Nafurahi kwa ajili yao. Ninachowaomba ni kimoja: kabla hujatuma sampuli, linganisha ulichosafisha na kile ulichotoa kwa mgonjwa, uone kama bado ni kitu kimoja. Kitanzi changu cha waya nimekiacha kwenye droo ile ile. Kichome mpaka kiwe chekundu, hesabu hadi kumi, kisha anza kazi.